Kiti cha Kumi na Nne: Hesabu ya Kwenda Maporomokoni kutoka Eastlands

Gari la viti 14 likikodishwa kwa shilingi 10,800 kutoka Buruburu hadi mlima wa Kilimambogo na kurudi, kila abiria analipa 771. Wakibaki 11, kila mmoja analipa 982. Wakibaki tisa, 1,200. Wakibaki saba, 1,543. Mlima haujasogea, mafuta hayajapanda, na maporomoko ya Fourteen Falls yako palepale kwenye Mto Athi. Kilichobadilika ni idadi ya marafiki walioamka Jumapili alfajiri wakafika steji.

Bei za kukodi gari, nauli, kiingilio na chakula nitakazotumia hapa ni za mfano. Aliye Kayole au Dandora aweke za kwake, afuate njia ileile. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi mzigo unavyogawanyika. Naamini kabisa kwamba siku moja mlimani iko ndani ya uwezo wa watu wengi zaidi wa Eastlands kuliko wanaokwenda sasa, na kwamba wengi wao wamezuiwa na mpango mbovu kabla hawajazuiwa na mfuko.

Kwanza, wingi wetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Jumlisha kaunti ndogo za Eastlands, yaani Embakasi (988,808), Njiru (626,482), Kamukunji (268,276), Mathare (206,564) na Makadara (189,536), unapata watu 2,279,666. Yaani katika kila wakazi 100 wa jiji, 52 wanalala upande huu, kuanzia nyumba za zamani za Kaloleni na Shauri Moyo hadi maghorofa ya Tassia na Pipeline ambako jua halifiki ghorofa za chini. Tuseme asilimia moja tu ya watu hao watoke kwenda mlimani mara moja kwa mwaka. Hao ni watu karibu 22,800, wa kujaza magari 1,628 ya viti 14, au magari 31 kila Jumapili. Madereva 31 wenye kazi ya siku nzima, na watu zaidi ya 430 wanaofika kwenye malango ya misitu, wanaonunua ndizi na mahindi ya kuchoma njiani. Na hiyo ni asilimia moja.

Pili, kipato. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Novemba 2024 kilimpa kibarua wa kawaida jijini Nairobi shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama 620 kwa siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhakikishia mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kwa anayefanya kazi Industrial Area Jumatatu hadi Jumamosi, siku hiyo ni Jumapili. Kwa hiyo kila bei nitakayotaja nitaipima kwa kipimo hicho kimoja: ni siku ngapi za kazi ya mtu wa 620?

Sasa tulifungue gari.

Kutoka Buruburu unashika Outer Ring hadi Thika Road, unapita Thika, unachukua barabara ya Garissa kati ya mashamba ya mananasi hadi Kilimambogo. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya kuchukua watu mitaani na kutoka mlimani hadi maporomokoni, weka kilomita 160. Gari likila lita moja kwa kila kilomita tisa, ni lita 18. Oktoba 2025 petroli Nairobi iliuzwa 184.52 kwa lita, kwa hiyo mafuta ni karibu 3,300. Mwenye gari naye anataka hesabu yake ya siku, kwa kuwa gari lisiloingia njia haliachi kudaiwa mkopo. Tuweke 5,000 kwa Jumapili, siku ambayo abiria wa kawaida ni wachache. Dereva 2,000. Maegesho na dharura ndogo 500. Jumla 10,800.

Idadi ya viti yenyewe imewekwa na sheria. Februari 2004 kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na kila abiria akae. Nissan zetu, ambazo nyingi siku hizi ni Toyota na bado tunaziita nissan, zikabaki na abiria 14. Huwezi kumbana rafiki wa kumi na tano kati ya siti ili bei ishuke. Kumi na nne ni dari. Maswali yote ya pesa yanahusu umbali uliobaki kati yako na dari hiyo.

Watu wanapopanga safari wanalalamikia mafuta. Tuyapime. Oktoba 2023 petroli ilifika 217.36 Nairobi, bei iliyomuumiza kila mtu. Kwa bei hiyo, lita zetu 18 zingegharimu 591 zaidi ya hesabu ya Oktoba 2025. Gawanya kwa 14: shilingi 42 kwa kichwa. Ongezeko lililoitikisa nchi nzima linamwongezea kila msafiri bei ya kikombe cha chai. Marafiki watatu wakituma ujumbe Jumamosi usiku kwamba wamepatwa na dharura, kila aliyebaki anaongezewa 211, mara tano ya ongezeko la mafuta.

Ndiyo sababu sikubaliani na desturi ya kuomba amana ya mia mbili “kuonyesha nia”. Aliyetoa mia mbili akighairi, ameacha pengo la 571 walilipe wenzake. Amana isiyorudishwa iwe sawasawa na bei ya kiti gari likiwa limejaa, 771 katika mfano huu, na iwe imeingia kufikia Jumatano, kabla mratibu hajamlipa mwenye gari. Anayeghairi baada ya hapo atafute wa kukaa kwenye kiti chake. Akimpata, wanamalizana wenyewe. Sauti yangu inaweza kusikika kali, lakini nimeona vikundi vingi vya urafiki mzuri vikivunjika kwa sababu waliofika walilipia wasiofika, wakanyamaza, na safari ya pili haikupangwa tena.

Kuna njia nyingine, ya kutokodi kabisa. Matatu ya mtaani hadi Thika Road 80, hadi Thika 120, kutoka Thika hadi mji wa Donyo Sabuk 150, na boda hadi langoni 100. Ni 450 kwenda, 900 kwenda na kurudi. Bei hii haijali mko wangapi. Sasa gawanya 10,800 kwa 900: unapata 12. Mkiwa 13 au 14, kodi gari. Mkiwa 12, ni sare. Mkiwa 11 kushuka, usafiri wa umma ni nafuu, na kwa watu sita tofauti ni kubwa mno, 900 dhidi ya 1,800. Sielewi kwa nini watu sita hukaa wiki mbili wakitafuta wanane wa kuongeza badala ya kwenda steji. Gharama ya matatu ni muda: magari manne kwenda na manne kurudi, na gari la mwisho la kutoka Donyo Sabuk halikungojei ukishuka mlima saa kumi na mbili jioni. Panga kuwa chini saa tisa.

Gari likiwa limejaa, gharama nyingine ni hizi. Kiingilio cha hifadhi, tenga 500 kwa mtu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei noti langoni, unalipa kupitia eCitizen, kwa hiyo mmoja alipie wote kabla ya kufika mahali mtandao unasinzia. Askari wa kuwasindikiza, kwa kuwa mlima una nyati na nyati hana utani, weka 3,000 kwa kundi, yaani 214 kwa kila mmoja wa 14. Chakula na maji 350. Akiba ya bandeji, dawa na bahati mbaya 100. Ukijumlisha na kiti: 1,935. Ni kazi ya siku tatu na kidogo kwa mtu wa 620. Mkiwa tisa, askari anakuwa 333 na kiti 1,200, jumla 2,483, siku nne kamili.

Hilo la chakula lina siri yake. Chapati mbili, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi na karanga zilizofungwa nyumbani usiku wa Jumamosi zinatosha siku nzima, na zinabebeka. Maji ndiyo humaliza pesa. Kila mtu anahitaji lita mbili kupanda na kushuka, kwa 14 ni lita 28. Chupa ya nusu lita ikiuzwa 50, lita hizo 28 ni shilingi 2,800, zaidi ya dereva. Zikichemshwa na kupozwa nyumbani, zikajazwa kwenye chupa za zamani, ni gharama ya gesi tu. Smokie na kachumbari mnunue mkirudi, mkiwa mmeshuka salama.

Kutuma pesa nako kuna hesabu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza 2023, kutuma 1,935 kwa mara moja kunakatwa 33. Ukituma mara nne kwa vipande visivyozidi 500, ni 7 kila mara, jumla 28. Ukituma mia moja moja, hukatwi kitu. Mia moja kila wiki kwa wiki 20 ni 2,000, inatosha safari yote na 65 zinabaki. Hapa Eastlands hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Chama cha akina mama wa plot kinanunua sufuria na kulipa karo kwa mtindo huohuo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema mezani kwamba matembezi nayo yanastahili chama.

Basi unapata nini kwa 1,935?

Unapata Kilimambogo, mlima wa mita 2,145. Jina lake la ramani ni Ol Donyo Sabuk, na hifadhi yake, ya kilomita za mraba kama 20 tu, ilitangazwa 1967. Uwanja wa ndege wa Embakasi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kileleni uko mita 521 juu ya nyumbani. Hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000; tarajia baridi ya ziada ya nyuzi tatu na nusu, na upepo juu yake. Kutoka langoni hadi kileleni ni kama kilomita 9 za barabara ya udongo msituni. Kanuni ya zamani ya wapanda milima ni saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 na mita 600 hivi zinakupa karibu saa tatu za kwenda kwa mtu aliyezoea. Kwa kundi la marafiki wanaopiga picha na kumngoja mwenye viatu vinavyobana, weka nne. Kushuka ni mbili na nusu.

Njiani utapita makaburi ya William Northrup McMillan, tajiri aliyetoka Marekani na kufariki 1925, na watu wake. Mtoto wa Kaloleni anamjua bila kujua kwamba anamjua: maktaba ya McMillan iliyofunguliwa jijini 1931 kwa ukumbusho wake, ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi ukoloni ulipokuwa ukingoni, leo ina matawi Kaloleni na Makadara.

Kisha, mkishuka, Fourteen Falls. Mto Athi unafika ukingo mpana wa mwamba na kuanguka kwa vijito vingi sambamba, kimo kinachotajwa kuwa kama mita 27. Vijana wa pale wanaruka kutoka juu kwa malipo, wengine wanavusha wageni kwa mashua. Ni maporomoko mapana, yenye kelele ya kuzima mazungumzo, na kwa mtu wa Eastlands ni makubwa na yako karibu. Lakini usiingie majini. Povu jeupe mnaloliona pale chini halitokani na nguvu ya maji peke yake.

Hapa hesabu ya safari inageuka kuwa hesabu ya maji, na naomba msomaji anifuate hadi mwisho wake.

Maji yetu mengi yanaanzia safu ya Nyandarua, ndiyo Aberdare. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 kwenye Mto Thika huko Murang'a, linabeba mita za ujazo milioni 70. Gawanya kwa watu wote wa Nairobi wa sensa ya 2019: kila mtu ana karibu lita 15,900 zilizohifadhiwa kule juu, mitungi 796 ya lita 20. Bwawa la Sasumua, la 1956, linaongeza mita za ujazo milioni 16. Juu ya hayo kuna njia ya chini ya ardhi ya kilomita 11.8 iliyochimbwa kukusanya maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini, lita milioni 140 kwa siku. Hizo zingegawiwa watu wa Eastlands peke yao, kila mmoja angepata lita 61 kila siku, mitungi mitatu. Anayeishi Umoja au Kayole, anayefunguliwa bomba siku maalumu za wiki na siku nyingine anamngoja mwenye mkokoteni, anaweza kuziangalia namba hizo na kuuliza zinapotelea wapi kabla ya kufika kwake. Ni swali la haki.

Yale yanayofika yanatumika, kisha yanaondoka. Sehemu kubwa ya majitaka ya jiji inaelekezwa kwenye mabwawa ya kusafishia ya Ruai, yaliyokusudiwa kupokea hadi mita za ujazo 160,000 kwa siku, sawa na lita milioni 160. Kutoka hapo maji yanaingia Mto Nairobi. Mto wenyewe umeshapita Gikomba, Shauri Moyo, Kariobangi na Dandora ukipokea kile ambacho hakikuingia kwenye bomba lolote: mitaro ya vitongoji visivyounganishwa, na taka za dampo la Dandora lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa 2001, ambalo mpaka leo malori yanaingia. Mto Ngong unaleta ya Industrial Area na Mukuru. Yote hayo yanaingia Athi, na Athi ndio unaoanguka pale Fourteen Falls.

Kuna jambo jingine ambalo ramani tu inaweza kukuonyesha. Mto Thika, unaojaza Ndakaini, kwa asili ni wa bonde la Tana. Maji yake yangeachwa yangepita bwawa la Masinga na kumwagikia baharini karibu na Kipini. Sisi tunayakatiza, tunayaleta kwenye mabomba ya Nairobi, na tukishayatumia tunayatupa kwenye Mto Athi, ambao huko chini unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Kando ya Sabaki, huko Baricho, kuna visima vinavyowanywesha watu wa Malindi na Mombasa. Tone lililoanguka Nyandarua likiwa njiani kwenda Kipini linaishia Malindi kwa sababu limepita kwenye choo cha Umoja.

Michuki yuleyule wa viti 14, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, alisimamia usafishaji wa Mto Nairobi katikati ya jiji, na bustani iliyo kando ya mto karibu na mzunguko wa Globe inaitwa kwa jina lake. Kazi ile ilionyesha kwamba inawezekana. Lakini Globe iko juu yetu, na mto unateremka kuja kwetu. Sehemu ndefu na chafu zaidi ilikuwa bado mbele. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu maporomoko makubwa yaliyo karibu na watu milioni mbili na ushei ndiyo ambayo mtoto wao hawezi kunawia uso.

Anayetaka maji ya kunawa uso apande yalikotoka. Chaguo la karibu ni msitu wa Kereita, Lari, unaofikiwa kupitia Kimende kwenye barabara ya Nakuru. Kutoka Buruburu umbali haupishani sana na wa Kilimambogo, ila gari linakata jiji zima. Gharama ya kiti ni ileile, kiingilio cha msitu na malipo ya mwongozaji wa jamii ya pale hayatofautiani kwa mbali na ya hifadhi, kwa hiyo mko kwenye zile siku tatu za kazi. Kuna mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, kuna mianzi, na kuna maporomoko madogo yenye maji baridi yanayotoka msituni moja kwa moja. Kwa kundi la kwanza la watu 14, ningeanzia hapo.

Karuru ni jambo jingine. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyoanzishwa 1950 na yenye kilomita za mraba 766, maji yanaanguka kwa hatua tatu: mita 117, kisha 26, kisha 130. Jumla mita 273, marefu kuliko yote nchini. Jengo la KICC tunaloliona kutoka mtaani lina mita 105. Yangehitajika majengo mawili na nusu, na bado yangepungua mita kumi. Nissan haifiki huko. Barabara za hifadhi ziko juu, zina ukungu na matope, na zinataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Weka gari la abiria saba kwa 18,000, na kilomita 320 kwa dizeli ya 171.47, bei ya Oktoba 2025, na ulaji wa lita moja kwa kilomita saba, karibu 7,900. Jumla 25,900, au 3,700 kwa kila mmoja wa saba. Ongeza 1,000 ya kiingilio na sehemu ya gari langoni, 350 ya chakula na 100 ya akiba: 5,150. Ni siku nane za kazi, karibu theluthi ya mshahara wa mwezi. Mlima haujatoza kitu kikubwa hapo pia. Kilichopanda ni umbali, matope na viti vilivyopungua kutoka 14 hadi saba.

Simwambii mtu wa 620 kwa siku aende Karuru. Namwambia aijue bei yake, ili asiambiwe kwamba maporomoko yote yanagharimu hivyo.

Limebaki suala la tarehe, ambalo linaamua usalama na uzuri kwa pamoja. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati ya mvua maporomoko yanapendeza zaidi na njia ni za hatari zaidi: udongo mwekundu unateleza, vijito vinajaa kwa dakika chache, na gari linakwama. Aprili 29, 2024, maji yaliyoshuka usiku eneo la Old Kijabe, Mai Mahiu, yaliua makumi ya watu majumbani mwao. Huko ni chini ya mteremko uleule wa Lari. Kundi lisipange Kereita katika Aprili, hata gari likiwa limelipiwa. Februari njia ni kavu lakini maji ni haba. Wakati mzuri ni baada tu ya masika kukatika. Aliyeanza kuweka mia yake ya kila wiki katika wiki ya tatu ya Januari anakamilisha wiki 20 mwanzoni mwa Juni, mito ikiwa bado imejaa na njia zikianza kukauka. Amana ya gari iingie Jumatano, kuondoka ni Jumapili saa kumi na moja alfajiri.